Soli Zangu Hazibanduki, Kidude cha Sukari Kinabanduka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi nikiwa peke yangu kibandani hucheka kidogo, kisha nakumbuka yaliyonipata nanyamaza.

Mimi ni fundi viatu, mtaani wananiita Haibanduki, kwa sababu soli niliyoibandika mimi, kiatu kitaisha, yenyewe bado ipo, na jina hilo limenisomeshea wanangu wote. Sasa nina kisukari, na siku moja sukari ilishuka ghafla nikaanguka kibandani na misumari mdomoni, jirani yangu muuza magazeti ndiye aliyenitoa ile misumari kabla sijaimeza, basi binti yangu, kitinda mimba wangu, akaninunulia kidude cha kubandika nyuma ya mkono, kidogo kama kifungo cha koti, kina kisindano laini kinachoingia ndani ya ngozi, na sukari yangu inasomeka kwenye simu yangu na kwenye simu yake huko kazini kwake, ikishuka simu zote mbili zinapiga kelele. Nisiseme uongo, kimeshaniokoa. Simu ililia nikiwa nashona begi la mtu, nikanywa juisi, nikaendelea kushona.

Tatizo hakishiki! Cha kwanza kilidondoka kwenye ndoo ninamolowekea ngozi, cha pili kilitoka na fulana, cha tatu mteja alirudi anachechemea, "Fundi, umeniwekea nini humu?" kukung'uta kiatu, kidude changu hicho. Kikianguka, binti haoni kitu kwenye simu, anaacha kazi anakuja mbio, anafika ananikuta nakunywa chai, na mara ya mwisho alilia mbele ya wateja akasema, "Baba, kikianguka tena nakifunga hiki kibanda kwa mkono wangu, utakuja kukaa kwangu nikuone kwa macho." Mshauri, nikae kwake nifanye nini, nimwagilie maua?

Ndipo nikafanya ujinga. Nilijiambia, ngozi si ni ngozi? Nikapiga msasa mkono wangu, msasa laini lakini, nikapaka gundi ya soli, nikangoja ishike hewa kama inavyotakiwa, nikabandika. Kilishika, mshauri! Kilishika mpaka malengelenge yakatoka chini yake, na kukibandua kikaondoka na ngozi. Sasa nina kidonda nakificha kwa shati la mikono mirefu, kidude kipya kiko kabatini naogopa kukigusa, na binti nimemdanganya kwamba simu yangu ndiyo mbovu.

Na kuna jingine. Tangu niugue, kila asubuhi nikitoka kuoga mke wangu hunipaka mafuta kuanzia mabegani mpaka nyayo. Nahisi mafuta hayo ndiyo yanayokibandua, maana fundi yeyote anajua gundi na mafuta havipatani. Lakini nitamwambiaje aache? Huo ndio wakati pekee wa siku tunapokaa pamoja bila kugombana, na naogopa akiacha hatarudia. Nipoteze kibanda, au nipoteze mafuta?

Ni mimi, Haibanduki.

JIBU

Haibanduki, pole sana, kisha ushike adabu yako.

Nimecheka, ndiyo, mpaka nilipofika kwenye msasa. Hapo niliiweka barua chini nikashika kichwa. Mtu mzima na akili zako unaupiga msasa mkono kama unatengeneza kisigino! Ngozi ya kiatu mwenyewe alishachinjwa zamani, kaka yangu. Hiyo yako mwenyewe bado yumo ndani.

Kidonda cha mwenye kisukari si cha kungojea gazeti, kwa hiyo nilipiga ile namba uliyoniandikia chini ya barua. Akapokea mkeo. Nikajifanya natafuta fundi wa viatu. Akanijibu, "Sauti hii naijua, wewe ni yule mshauri wa gazetini, redioni nakusikia pia. Amekuandikia habari za kidonda, eti?" Anajua, kaka! Amejua siku zote. Unalala kitandani kwake unanuka gundi begani, ulidhani hana pua?

Na haya ndiyo maneno yake, ameniruhusu niyaandike: "Mwambie mafuta si ya kumbembeleza tu. Nesi aliniambia mwenye kisukari anaweza kuumia mguu asisikie. Nikisema nimkague miguu, atanijibu yeye ni fundi viatu, miguu anaijua kuliko mimi. Basi nachukua chupa ya mafuta, napaka huku naangalia kidole kimoja kimoja. Mkono wake auache mkavu akitaka. Miguu simwachii."

Umesikia? Wewe unahangaika usipoteze mafuta, kumbe mwenzako analinda nyayo zako na wala hajadai asante. Mimi hapa nilishusha pumzi. Nikashusha ya pili alipopiga simu jana kusema amekuburura mpaka kliniki, na nesi amesema kidonda kinapona vizuri. Alhamdulillahi. Umeponea chupuchupu, usirudie.

Sasa nisikilize kama unavyotaka mteja akusikilize. Kidude kipya kiende mkono ule mwingine, mzima, na mkono huo usipakwe mafuta wala losheni. Uoshe kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato, ukaushe, kama una vinyweleo vingi vinyoe, ufute kwa spiriti, kisha uache ukauke wenyewe. Usipulize kwa mdomo, najua mafundi mlivyo. Ukishabandika, kandamiza kwa kiganja, pamoja na kingo zake. Ziko plasta maalumu za kukizungushia, muulize nesi inayofaa kidude chako, si utepe wa kufungia maboksi. Ukitoka kuoga jikaushe kwa kugusagusa, na fulana uivue taratibu badala ya kuinyofoa. Gundi ya soli ibaki kwenye soli. Na wakati wowote usipokuwa na kidude mwilini, choma kidole upime kama zamani, usijitie ushujaa.

Binti yako mwambie ukweli leo, kabla chai haijapoa. Hana ugomvi na kibanda chako. Simu ikinyamaza, yeye anamwona baba yake chini na misumari mdomoni, na wewe unamletea hadithi za simu mbovu! Mwahidi hivi: kikianguka, kabla hujainama kukiokota, unampigia. Nimemuuliza mkeo kama hilo litamtosha, akasema, "Atalia kidogo, kisha atarudi kazini kwake." Na misumari tafuta kopo la kuiwekea, mdomo si droo.

Siku za kidude zikiisha na ni wakati wa kubandika kingine, usikivute kama soli kuukuu. Gundi na mafuta havipatani, wewe mwenyewe umesema. Basi kaa kitini, nyoosha mkono, umwite mkeo aje na chupa yake. Siku hiyo apake atakavyo, mabegani mpaka nyayo, na safari hii umwambie asante.