Matanga ya Mtu Aliye Hai

Nasimiyu uko? Wacha kila kitu usome hii.

Unakumbuka ile video ya kaka yangu Bramwel, akifanya komedi ya kamati ya mazishi ya yule mheshimiwa anayempinga mgombea ambaye Bramwel anampigia debe? Mtu yuko hai, na Bramwel anauliza ukumbi mzima nani ataleta hema, nani atapika chai. Kicheko changu kinasikika kwa video, si unajua.

Sasa mheshimiwa alianguka ghafla jana, akazirai. Amelazwa Upper Hill, hali mbaya.

Leo nimeenda kwa Bramwel hapa Loresho, nikamwambia aombe msamaha. Ati, "Peres, ni utani tu. Mashabiki wangu walishanisamehe." Mashabiki! Nikamuuliza, "Kwani ni wao uliwafanyia matanga?"

Akacheka. Nakwambia ALICHEKA.

Hapo hapo simu zetu zikalia pamoja. Tumeingizwa kwa grupu ya WhatsApp: "Kamati ya Mazishi ya Bramwel." Watu mia mbili, hatujui namba hata moja. Hakuna anayetukana. Mmoja anauliza nani ataleta hema. Mwingine, nani atapika chai. Maneno yake mwenyewe, Nasimiyu.

Bramwel akasema, "Hao wanatania tu." Lakini sasa hacheki.

Halafu wakaweka picha ya grupu. Ni yeye na hiyo shati ya kijani amevaa leo, ananifungulia geti. Mimi nimesimama kando yake.

Mtu ameandika chini: "Huyo dada ndiye alicheka sana."