Siku Sitini za Munje

Ijumaa ya pili ya Desemba. Joto la Ukunda leo halina adabu. Tangu asubuhi feni inazungusha hewa ile ile, na mimi nazunguka na sentensi ile ile.

Kesho saa nne chama chetu cha mawakili wa mazingira kinafanya mkutano wa mwaka katika hoteli moja ya Diani. Mimi ndiye katibu. Nimeandika taarifa ya shughuli za mwaka mzima, na nikiisoma naona kweli tumefanya kazi. Tuliwafundisha wazee wa Kombani kusoma ramani ya shamba kabla ya kuweka kidole gumba. Tulikwenda Mackinnon Road kuwasikiliza wafugaji walioamka wakakuta njia ya mifugo imezungushiwa waya. Tulipanda mikoko. Tulifanya makongamano mawili ya kulaani plastiki, na mbele ya kila mmoja wetu palikuwa na maji ya chupa. Nilisema hivyo papo hapo. Wakacheka, wakanywa.

Kisha kuna mstari mmoja kwenye ukurasa wa tisa: "Suala la mchanga wa Munje linaendelea kufuatiliwa."

Mstari huo ni uongo, na nimeuandika mimi.

Mwaka huu kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba mchanga nyuma ya pwani ya kijiji cha Munje. Wenyeji walijua kitakachofuata: mchanga ukiondoka, maji ya bahari yataingia visimani. Walitujia. Sheria inatoa siku sitini za kukata rufaa, na rufaa niliiandika vizuri, pengine kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilikuwa tayari mezani pangu majuma matatu kabla ya siku kwisha.

Sikuiwasilisha. Niliingoja Siku ya Mazingira, ili waandishi wa habari waje, mabango yapigwe picha, nami nitoe hotuba. Ili nifike siku hiyo nilihesabu kuanzia pale nakala ya leseni iliponifikia mkononi, si pale leseni ilipotolewa. Nilichagua hesabu iliyonipendeza. Hotuba ilikuwa nzuri. Baraza la rufaa lilitutupa nje bila kufungua ukurasa wa pili: tumechelewa.

Mimi, ambaye katika blogu hii nimewasuta mawaziri kwa kuchelewesha faili.

Munje tuliwaambia kwamba mambo yanaendelea. Mwenyekiti wetu, Wakili Mutua, nilimpigia jana nikamwambia nataka kuufuta ule mstari. Akacheka kwa upole. "Uache hivyo ulivyo, Wakili. Kwani nchi hii ina jambo gani lisiloendelea kufuatiliwa?"

Njia moja imebaki. Tunaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai haki ya kikatiba ya maji safi. Lakini swali la kwanza la jaji litakuwa: siku zote hizi mlikuwa wapi? Lazima mtu ale kiapo cha maandishi na kueleza. Anayejua ni mimi peke yangu. Nikieleza nusu, ombi litaanguka. Nikieleza yote, kiapo hicho hicho kinaweza kupelekwa kwa wanaosimamia nidhamu ya mawakili, na leseni itakayojadiliwa safari hii itakuwa yangu.

Kwa majuma mawili nimekuwa nikiandika nusu.

Leo saa tatu Bi Mwanasiti alipiga simu. Ndiye anayewaongoza kina mama wa Munje, na kesho tumemwalika ili tumpe cheti cha shukrani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Wakili, hicho cheti ni cha nini?"

Nikasema ni cha ushirikiano.

"Kinachota maji? Maana kisima changu kimeingia chumvi; tangu juzi chai nikiitia sukari, yenyewe haijijui ni nini."

Nilitaka kucheka. Badala yake nikamwambia yote: ile rufaa iliyolala mezani, hesabu niliyoichagua, lile jibu la baraza ambalo hatukuwapelekea. Nilisikia kuku wakilia upande wake.

"Sasa mwanangu," akasema, "siku sitini zikakushinda kuhesabu? Mimi sikusoma. Alipofariki mume wangu nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikihesabu kwa vidole, na sikukosa hata moja."

Nikamweleza kuhusu kiapo, na kwamba kinaweza kunivua uwakili.

"Kiandike kama ulivyoniambia. Mie kesho nakuja. Cheti mpeni mwenye maji ya bomba."

Nikakiandika. Kilitoka kurasa mbili tu, bila kivumishi hata kimoja.

Wakili haruhusiwi kujiapisha mwenyewe, na wa chama chetu wote wamo kwenye kesi. Kamishna wa viapo niliyempata leo mchana ni Wakili Salimu wa ng'ambo ya barabara, ambaye niliwahi kumwita hapa hapa "wakili wa kuta", kwa kuwa kila hoteli inayotaka kujenga ukuta hadi majini huishia ofisini kwake. Kamishna halazimiki kusoma kiapo. Yeye alisoma, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Nilijiandaa kwa kejeli. Nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Yaliyomo humu ni kweli, dada?"

"Ni kweli."

Akaweka sahihi, akagonga muhuri, akanisogezea karatasi. "Mimi nisingeapa hivi," akasema, wala hakuwa akitania. Afadhali angetania.

Jumatatu ombi linaingia mahakamani Kwale. Jaji anaweza kusema bado tumechelewa. Basi nitakuwa nimejivua nguo bure, na Munje wataendelea kununua maji ya mitungi. Mutua ameshapiga simu mara nne. Sijapokea, kwa sababu najua ni muungwana na atanibembeleza vizuri, na leo naweza kubembelezeka.

Ule mstari nimeufuta. Mahali pake nimeweka kurasa zile mbili, na kesho nitazisoma nimesimama, Bi Mwanasiti akiwa mbele yangu.