Kuku Mwaminifu

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Nakutumia sanduku la kadi zote mia mbili za utafiti wangu: miaka kumi na moja ya neno moja tu, lile la Kilatini la "mwaminifu", *fidelis*, na watoto wake: *fedele* kwa Waitaliano, *fiel* kwa Wahispania na Wareno, *fidèle* kwa Wafaransa. Zisome moja moja kabla ya kuwapa wachapishaji. Kuna moja nimekuwekea ucheke. Kitabu kitoke kwa majina yetu mawili, kama tulivyokubaliana.

Dada yako

19 Machi

Shikamoo dada,

Sanduku limefika salama. Nimezisoma zote, na ile ya kuchekesha nimeicheka mpaka mbavu zikauma! Usiwe na wasiwasi, jina lako litatangulia.

Mdogo wako

2 Septemba

Mdogo wangu,

U hali gani? Miezi mitano kimya, kisha leo nimekiona kitabu dukani. Jaladani jina moja, lako. Mimi niko kwenye shukrani: "dada aliyenisaidia kupanga karatasi." Nilisoma nimesimama mpaka muuzaji akaniletea kiti. Nimeumia, sikufichi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Dada yako

20 Oktoba

Shikamoo dada,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Jina moja ni uamuzi wa wachapishaji, si wangu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nina shida. Profesa mmoja amesoma kitabu na anataka kuiona ile barua ya kale ya mtawa iliyotajwa kwenye kadi yako moja, yenye "kuku mwaminifu aliyetagia kwa jirani". Ameitafuta kila mahali, hakuna. Nimeahidi kuionyesha mwisho wa mwezi, mbele ya ukumbi mzima. Nakuomba sana, iko maktaba gani?

Mdogo wako

24 Oktoba

Marahaba.

Hakuna mtawa wala barua. Huyo ni kuku mwekundu wa mama, aliyekula kwetu na kutaga kwa jirani. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kuyaomba mayai, ukirudi unalia. Ndiyo kadi niliyokuwekea ucheke; ungeisoma, ungemtambua kabla ya kumaliza mstari.

Ukumbini una majibu mawili: barua umeitunga wewe, au kadi si zako. Chagua.

Mwenye kadi