Kufuli la Prefe Halilindi Ukurasa

Alhamisi. Mvua imetishia tangu asubuhi lakini haikunyesha. Joto limebaki, na hasira yangu pia.

Kuanzia leo siruhusiwi kuingia chumba cha ordinateri, yaani kompyuta, mpaka mwaka wa shule uishe. Mimi, ambaye mwakani nina mtihani wa Serikali, na informatike ndilo somo nililolichagua.

Niandike yote bila kujipendelea.

Tovuti ya shule yetu ina ukurasa wa salamu. Mwezi uliopita niligundua kwamba haukagui kinachoandikwa humo. Ukiweka amri mahali pa salamu, kivinjari cha kila anayeufungua kinaitii, kikidhani imetoka kwa shule. Mtu mbaya anaweza kuiba hivyo ruhusa ya yeyote aliyeingia kwenye akaunti yake. Na Prefe, mkuu wetu wa shule, hatoki kamwe kwenye yake, kwa sababu kuingia upya kunakula mega za intaneti. Humo ndimo zilimo pointi zetu zote za masomo.

Nilimwambia mwalimu wa informatike mara mbili.

"Nitaangalia, binti."

Hakuangalia.

Jumatatu nikaandika amri ndogo isiyoiba kitu. Ilifungua tu kisanduku chenye maneno "Ukurasa huu hauna ulinzi." Nilidhani mwalimu ndiye atakayekiona kwanza. Akakiona Prefe, mbele ya kamati ya wazazi.

"Kumbe njo wewe mwizi wetu!" aliniambia leo bironi, ofisini kwake.

"Papa Prefe, mwizi angenyamaza."

Mwalimu alikuwa amesimama palepale. Alitazama viatu vyake. Hakusema kwamba nilimwambia.

Hilo ndilo linalonichoma kuliko adhabu.

Uani mwa shule, Furaha, ninayeketi naye benchi moja, alificha simu yake mgongoni. "Jambo, Mama Virusi! Usiipumulie, itashika homa!" Wote wakacheka. Nami nilicheka, kicheko kibaya.

Na dawa yao ni ipi? Wamefuta salamu yangu na kuweka kufuli jipya kwenye mlango wa chumba. Kufuli! Ukurasa wenyewe unafunguliwa kwa simu, hata na mtu aliye mbali kule Moba.

Nyumbani, Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akianika ndagala, samaki wadogo. Kisha akauliza swali moja tu: "Uliomba ruhusa?"

Sikuomba. Nyumba ya mtu, hata mlango ukiwa wazi, unapiga hodi kwanza. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma.

Kesho nitampelekea Prefe barua mbili, zilizoandikwa kwa mkono. Ya kwanza inaomba msamaha. Ya pili inaeleza, kwa maneno mepesi, jinsi ya kuufanya ukurasa uchukue kila salamu kama maandishi tu, na kwa nini atoke kwenye akaunti yake kila anapomaliza kazi.

Akitaka kuchana moja, naomba iwe ya kwanza.