Sala Niliyomwombea Dada

Mama, maharage yameiva, bado chumvi tu. Ufunguo wa stoo uko juu ya friji.

Dada, nguo zako nimezianua.

Asubuhi ulituomba tukuombee hekima, kwa kuwa jioni hii seremala aliyekuposa anakuja kusikia jibu lako. Nikadakia kuomba mimi: "Bwana, mfumbue macho Dada aone kwamba mgane mwenye watoto wawili ni mzigo."

Ukayafumbua kweli. "Wewe, unaongea na Mungu au unanisema mimi?" Mama akacheka, lakini wewe ukatoka kwenda kazini bila hata chai.

Nilikuwa nakusema wewe. Jibu nilikuwa nalo tayari, nikalivika sala ili usiweze kunibishia. Ulitaka hekima, nikakupa woga wangu: ukiolewa, mimi nitabaki nikiongea na nani humu ndani?

~~Ila mwambie asubiri kidogo.~~ Hapana. Hayo ni yangu tena.

Leo nitachelewa kutoka kazini. Seremala akifika, msinisubiri. Omba mwenyewe, Dada, kisha mjibu. Lolote utakalosema, mimi nimeshaitikia amina.

Mdogo wako