Bega la Kushoto la Namba Kumi na Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na salamu nitakupa siku nyingine, maana nikianza nazo nitapoa na barua hii nitaichana kama nilivyochana mbili za kwanza. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, akili zangu timamu, kilevi sigusi, na haya nakuambia mapema kwa sababu ukifika katikati utajiuliza.

Mimi na timu yetu ni kitu kimoja. Jezi zake zinaletwa kubwa kubwa kama magunia, mimi nazikata upya ubavuni na begani kisha nashona namba, na timu yenyewe nimeishabikia tangu nikiwa nabebwa mabegani na kaka yangu kwenda uwanjani, sasa msimu huu viongozi wakatuambia hawanunui mtu, wanasajili wachezaji huru tu, wale waliomaliza mikataba yao kwingine, na mimi kama shabiki nasema ukweli wangu, mchezaji huru mara nyingi yuko huru kwa sababu hakuna anayemtaka. Tukapata kipa tunayemwita Babu, tukapata beki mwenye bandeji gotini tangu siku ya kupigwa picha, tukapata mshambuliaji anayehema akishuka ngazi, na jukwaa letu zima tukawa tunacheka kwa uchungu, tunasema viongozi wamekwenda kuchambua mitumba wakati wenzao wameshaondoka na nzuri zote. Wa nne ndiye aliyenileta kwako. Alisajiliwa saa ya mwisho kabla dirisha la usajili halijafungwa, hakuna aliyejua alikocheza zamani, kwenye picha hakutabasamu, na kwa kuwa haongei na watu tukampa jina la Kimya. Akapewa namba kumi na nne.

Hiyo ilikuwa namba ya kaka yangu. Kaka aliichezea timu hii miaka saba, na utotoni alianguka kutoka juu ya ukuta akavunjika mfupa wa bega, ukaunga vibaya, bega la kushoto likabaki limeshuka vidole viwili, ndiyo maana mashabiki walimwita Mizani, na hakuna nguo iliyomkaa sawasawa mpaka mimi nilipojifunza ufundi nikamkatia karatasi yake. Hapa nikueleze kidogo, kila mteja wangu wa kudumu nina karatasi ngumu niliyoikata kwa umbo lake, nazitundika ukutani kwa misumari, nikitaka kushona naiweka juu ya kitambaa nafuata ukingo wake. Ya kaka niliitumia mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, kukata koti alilozikwa nalo. Aliugua siku tisa tu. Nilimvalisha kwa mikono yangu hii, nikamfunga vifungo vyote vitatu, kwa hiyo sitaki mtu aniambie labda hakufa.

Sasa kosa langu. Mtunza vifaa wa timu aliniletea vipimo vya wachezaji wapya, vya Kimya havikuwemo, mechi ni kesho yake, nikakumbuka nilivyomwona pichani, urefu ule ule wa kaka, kifua kile kile, nikanyoosha mkono ukutani nikaishusha karatasi ya kaka nikaifuata. Sikumwambia mtu, nilijisemea ni jezi tu.

Siku ya mechi, saa kumi ya jioni, jua bado kali, mama yangu alikuwa sebuleni kwangu anakunja nguo, yeye mpira aliacha kuutazama tangu tulipofiwa, televisheni inasema peke yake, na Kimya akaingia uwanjani akakimbia huku bega la kushoto limeshuka. Ukapatikana mpira wa adhabu. Akauma ukosi wa jezi upande wa kushoto, akauvuta kwa meno, ndipo akapiga. Kaka alikuwa anafanya hivyo hivyo, tangu tukicheza mpira wa matambara. Mama akaacha kukunja. Akasema, "Mwanangu, mbona hamkuniambia amerudi?" Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza mbona chai haina sukari, na mimi mjinga badala ya kunyamaza nikamwambia jezi ile nimeikata kwa karatasi ya kaka na imemkaa. Ushahidi nilimpa mwenyewe.

Mechi ya tatu nilikwenda uwanjani. Jukwaa likaanza kuimba "Mizani! Mizani!", sijui nani alianza, miaka mitatu wimbo huo haujaimbwa, na yule mtu akageuka, wala hakutazama jukwaa, alinitazama mimi. Jumanne iliyofuata asubuhi akaja dukani peke yake, akashika shingo ya jezi kunionyesha inamkaba, akasimama mbele ya kioo akainua mikono yote miwili kabla sijamwambia, kama kaka alivyozoea, na mimi mkanda wa kupimia uko shingoni mwangu, nikashindwa kuushika. Akaishusha mikono. Ukutani kuna karatasi zaidi ya thelathini, hazina majina, zinafanana zote ukizitazama kwa haraka, akazipitia kwa macho moja moja, akaweka kiganja juu ya ile ya kaka, akakaa nacho hapo, kisha akasema, "Hii ndiyo," akatoka. Mke wangu alikuwa anapiga pasi, aliona kila kitu, na tangu siku hiyo haingii dukani peke yake.

Ingekuwa hofu yangu tu ningevumilia, lakini shemeji yangu, mjane wa kaka, anaolewa baada ya wiki tano na fundi umeme mmoja mpole, mama mwenyewe alishawabariki, na sasa mama amebeba viatu vya kaka akavipanga mlangoni kwa shemeji, akamwambia yule bwana uso kwa uso, "Baba, mwenyewe karudi, wewe tafuta kwingine." Fundi umeme anasema atasubiri familia ielewane. Shemeji hapokei simu zangu. Mama ameitisha kikao Jumapili ijayo, wajomba na baba wadogo wote watakuwepo, na anataka mimi nisimame niseme jezi ilimkaa. Nikisema hivyo harusi imekufa, nikikanusha nitakuwa nimemzikia mama yangu mwanawe mara ya pili, na kibaya zaidi, mshauri, nakuambia wewe tu, kuna siku namtazama anakimbia na ninafurahi. Nifanye nini?

Mimi, Fundi wa Jezi

*

Fundi,

Pole kwa kaka yako. Naisema kwa moyo wote, ipokee kabisa, kwa sababu nikimaliza hapo nakukaripia.

Umeshona miaka mingapi wewe? Hebu isome tena barua yako. Umekata nguo ya bega lililoshuka, ukamvalisha mtu ambaye hujamgusa kwa mkanda hata mara moja. Mwenye mabega sawa akivaa nguo ya namna hiyo inamvuta, naye atashusha bega apate nafuu, na ukosi ukimkaba atauuma kwa sababu mikono inaupanga mpira wa adhabu. Amefunga safari mpaka dukani kwako kukuonyesha kwamba inamkaba. Inamkaba, bwana! Halafu unaniandikia imemkaa. Umemvika mgeni umbo la marehemu, sasa unashangaa anakimbia kama marehemu. Kuhusu kugeuka, watu elfu wakipiga kelele nyuma yako hata wewe utageuka, na huenda wewe ndiye pekee uliyekuwa umekaa kimya umetoa macho.

La ukutani silijui. Nimelifikiria asubuhi nzima mpaka chai ikapoa mbele yangu. Naweza kusema karatasi nyingine zilikuwa na vumbi na ile ulikuwa umetoka kuishusha, na labda ni hivyo. Lakini sikuwepo, na siwezi kukudanganya ili ulale vizuri.

Kabla ya Jumapili mwite Kimya dukani. Mchana, mlango wazi, mama yako amekaa kwenye kiti karibu, mke wako yupo. Mpime, na kila kipimo kisome kwa sauti. Mwulize kwao ni wapi, mama yake anaitwa nani, na kama yupo hai lini alimpigia simu mara ya mwisho. Mama yako asikie majibu kwa masikio yake. Kijana wa watu kaja mji asioujua kwa mkataba mfupi, mmempa jina la kejeli, mmemwita mtumba, na sasa mnataka kumgeuza maiti, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemkaribisha kiti. Mkaribishe wewe. Kisha mshonee jezi yake.

Utaniuliza, je, mkanda ukisema bega limeshuka vidole viwili? Hata ukisema hivyo. Kama ni yeye, basi yuko mjini tangu dirisha la usajili lilipofungwa. Amepita mlango wa mama yake hakubisha. Amesimama mbele yako hakukuita mdogo wangu. Kwa mkewe hakufika. Anayerudi namna hiyo hakurudi kuchukua mke. Mwacheni acheze mpira wake, na mkataba ukiisha aende anakokwenda.

Viatu nenda ukavitoe leo, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kwenye kikao simama useme, "Nilikata kwa karatasi isiyo yake, kosa ni langu," kisha ukae. Wajomba wakikubana rudia maneno hayo hayo. Mama atalia, nawe utakaa naye alie, siku nyingi kama zikihitajika, kwa sababu mnaonekana nyumba nzima mlizika haraka mkarudi kazini. Na hiyo furaha yako ya kumtazama akikimbia, sikukatazi. Itazame uwanjani, isitoke nje ya uwanja ikavunja nyumba ya mtu.

Nyinyi mashabiki mnaelewa vizuri kwamba mkataba ukiisha mtu anakwenda anakotaka na hakuna wa kumzuia. Mnalielewa kwa miguu ya wanaume, likifika kwa mjane mnaitisha kikao.

Shemeji yako hapokei simu kwa sababu anaogopa utakachomwambia. Barua yake ilinifikia siku sita kabla ya yako, na ameniruhusu nikwambie. Hakuniuliza kama yule ni mumewe. Aliandika kwamba alimpenda, akamlilia mpaka machozi yakaisha, akajifunza upya kulala peke yake, na sasa anaomba kila siku yule asiwe yeye. Akaniuliza kama hiyo ni dhambi.

Nilimjibu siku hiyo hiyo. Si dhambi, mwanangu, olewa.