Afisa Mshairi wa Butali

Kwa Awinja, mke wangu wa pekee (uliza mtu yeyote),

Mimi nimenenepa, na Butali nzima inajua naibu chifu aliyehamishwa kutoka Malinya ana kichwa. Mwalimu jirani yangu hunisomeanga kitabu cha afisa mmoja wa Uchina ya kale, msomi wa mafundisho ya Konfusio. Alifaulu mitihani yote, mimi nusu. Alimtungia mkubwa wake shairi la kejeli, akapelekwa mbali.

Nikasema, "Huyo ni mimi kabisa."

Mwalimu akasema, "Yeye alitetea maskini. Wewe uliimba kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali kwamba fahali wa bosi wako amekimbia."

"Kwani hakukimbia?"

Afisa huyo alilima mboga, akamtungia mkewe mashairi mpaka uzeeni, wasionane tena. Hapo nilimwambia mwalimu afunge kitabu.

Awinja, uliapa hutahama shamba letu kwa sababu ya mdomo wangu. Sawa. Lakini hapa nina sukumawiki nzuri na kitanda cha watu wawili. Njoo Jumamosi uone. Ukikataa, nitamwomba bosi msamaha mbele ya watu wote ili anirudishe Malinya, na unajua sijawahi kuomba mtu msamaha.

Mumeo, bado mzuri wa sura,
Elkanah Shivachi